Mgonjwa Hali: Kupungua kwa Uzito na Lishe katika Matibabu ya Saratani ya Kichwa na Shingo

Utangulizi

Kila mwanafunzi aliyepitia somo la fonetiki anazifahamu ala za sauti: midomo, meno, ufizi, kaakaa gumu, kaakaa laini, kimio, ulimi, koromeo, na nyuzi za sauti zilizomo katika zoloto. Huzichora, huzitaja kwa mpangilio wake, na hueleza jinsi mkondo wa hewa unavyozuiliwa hapa na kuachiliwa pale hadi konsonanti ikapatikana. Jambo lisilosisitizwa sana darasani ni kwamba hakuna hata moja miongoni mwa ala hizo iliyo na kazi ya usemi pekee. Midomo inayotamka [p] ndiyo inayozuia uji usimwagike. Ulimi unaotamka [t] na [k] ndio unaolikusanya tonge na kulisukuma nyuma. Zoloto linalotoa ghuna ndilo linalopanda na kujifunga wakati wa kumeza ili chakula kisiingie katika njia ya hewa.

Saratani inapozishika ala hizi, mgonjwa hupata taabu ya kula na papo hapo taabu ya kueleza kwa nini hali. Sigmund Freud, ambaye wanafunzi wa fasihi humkuta katika uhakiki wa kisaikolojia, aligunduliwa kuwa na saratani ya kaakaa na taya mwaka wa 1923. Hadi kifo chake jijini London mwaka wa 1939 alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara 30, na aliishi na kaakaa la bandia lililotenganisha kinywa na pua. Kifaa hicho kilimtaabisha katika kusema na kilimtaabisha vilevile katika kula.

Makala haya yananuia kueleza kwa nini mgonjwa wa saratani ya kichwa na shingo hupungua uzito anapotibiwa, hatari iliyomo katika kupungua huko, na namna ya kukabiliana nayo. Hoja ya msingi ni kwamba kauli inayosikika sana nyumbani na wodini, yaani "mgonjwa hali," si maelezo ya kutosha. Ndani yake mna matatizo kadha yanayotofautiana, na kila tatizo lina tiba yake. Anayeichukua kauli hiyo kijumlajumla humwambia mgonjwa "jitahidi ule" na kumwacha na njaa yake.

Saratani ya Kichwa na Shingo ni Ipi?

Neno saratani limetokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, yule mnyama wa pwani mwenye magando. Maana iyo hiyo imo katika neno la Kilatini lililozaa kansa. Kwa mintarafu ya makala haya, saratani ya kichwa na shingo ni ile inayoanzia kinywani, ulimini, katika koromeo, katika zoloto, nyuma ya pua, au katika tezi za mate. Saratani ya ubongo haihesabiwi humu, japo ubongo umo kichwani.

Visababishi vikuu ni tumbaku na pombe, na hatari huongezeka maradufu na zaidi mtu anapovitumia vyote viwili. Virusi vya papiloma vinahusishwa na saratani ya koromeo, na virusi vya Epstein-Barr vinahusishwa na saratani ya nyuma ya pua. Katika upwa wa Afrika Mashariki kuna kisababishi kingine ambacho lugha yenyewe imekihifadhi. Neno uraibu, ambalo leo hutumiwa kwa maana ya kutawaliwa na dawa za kulevya au kamari, lilihusu hasa mazoea ya kutafuna tambuu pamoja na popoo, chokaa na pengine tumbaku. Popoo imeorodheshwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, iwe imechanganywa na tumbaku au la.

Matibabu ni ya namna tatu: upasuaji, tiba ya mionzi, na tibakemikali. Mara nyingi huunganishwa. Mpango wa kawaida wa mionzi kwa saratani iliyokwisha kuenea katika eneo hilo ni kipimo cha Gray 70 kinachogawanywa katika vipindi 35, siku tano kwa juma, kwa muda wa majuma 7. Dawa ya cisplatin huongezwa kwa wale ambao miili yao inaihimili. Nchini Kenya, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ndiyo iliyokuwa hospitali ya umma pekee ya kutoa mionzi kwa miaka mingi, na wagonjwa walisafiri kutoka kila pembe ya nchi kuja Nairobi. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 huduma hiyo ilifikishwa pia Nakuru, Mombasa na Garissa. Hata hivyo, majuma 7 ya kwenda hospitalini kila siku bado huwalazimu wengi kupanga chumba au kukaa kwa jamaa, na hivyo kula kile kilichopikwa na mwenyeji.

Kwa Nini Uzito Hupungua?

Kwa wagonjwa wengi uzito huanza kupungua hata kabla ya tiba. Uvimbe huziba njia au huleta maumivu, nao mwili unaopigana na saratani hubadilisha namna unavyotumia chakula. Uvimbe na kinga ya mwili hutoa kemikali zinazoondoa hamu ya kula na kuufanya mwili uzibomoe misuli yake wenyewe. Kwa sababu hiyo, kukonda kwa mgonjwa wa saratani hakufanani na kukonda kwa mtu aliyekosa chakula tu. Mwenye njaa ya kawaida hupoteza mafuta kwanza, ilhali mgonjwa wa saratani hupoteza mafuta na misuli kwa pamoja.

Tiba yenyewe huongeza mzigo. Katika juma la kwanza la mionzi mgonjwa huwa hahisi jambo kubwa, na familia hudhani kwamba hatari imepita. Katika juma la pili na la tatu, utando wa ndani wa kinywa na koromeo huanza kuwa mwekundu na kutoka vidonda. Ladha hupotea. Mate, ambayo mtu mwenye afya hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, hupungua na kuwa mazito kama ute wa bamia. Kuanzia juma la nne hadi la saba vidonda hukithiri, na kumeza hata maji huwa mateso. Tibakemikali nayo huleta kichefuchefu na kutapika.

Ipo nukta moja ambayo familia nyingi haziambiwi mapema. Siku ya mwisho ya mionzi si siku ya mwisho ya maumivu. Taathira ya mionzi huendelea, na mara nyingi juma la kwanza na la pili baada ya tiba huwa gumu sawa na yaliyotangulia au hata zaidi. Baada ya hapo vidonda hupona katika muda wa majuma kadha. Ladha hurejea polepole kwa miezi. Mate huweza kuchukua mwaka mmoja au zaidi, na kwa wengine hayarudi kikamilifu. Kwa hiyo, mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani akiwa amemaliza vipindi 35 bado anahitaji kupimwa uzito na kulishwa kwa uangalifu.

Hatari ya Kukonda

Tashbihi ya Kiswahili husema mtu amekonda kama ng'onda, yaani samaki aliyepasuliwa na kuanikwa juani. Mtu aliyekonda hivyo huitwa pia gofu la mtu. Tamathali hizi zinachora sura ya nje, nayo hatari kubwa imo katika mambo ambayo jicho haliyaoni kwa urahisi.

La kwanza ni misuli. Misuli inayomezesha, inayokohoza na inayopumulisha ni misuli kama ile ya mkono. Inapoyeyuka, mgonjwa humeza kwa udhaifu zaidi, hukohoa kwa udhaifu zaidi, na huwa katika hatari ya kupata homa ya mapafu chakula kinapoteleza na kuingia katika njia ya hewa. Mtu mnene naye hasalimiki. Anaweza kupoteza misuli mingi huku akionekana bado ana mwili, na watu wakampongeza kwa kupungua.

La pili ni kinyago. Kabla ya kuanza mionzi, mgonjwa hutengenezewa kinyago cha plastiki kinacholingana barabara na uso na shingo yake. Kinyago hicho hufungwa kwenye meza ya tiba ili asitikisike, na mionzi ielekezwe mahali pale pale kila siku kwa kipimo cha milimita. Mashavu na shingo vinapopungua, kinyago hulegea. Mionzi inayokusudiwa uvimbe huweza kukosea shabaha au kuangukia uti wa mgongo na tezi za mate zilizokusudiwa kuepushwa. Hapo madaktari hulazimika kutengeneza kinyago kipya na kupanga tiba upya.

La tatu, ambalo ndilo zito zaidi, ni kukatizwa kwa tiba. Mgonjwa aliyedhoofika sana hulazwa, na vipindi vya mionzi husimama. Seli za saratani hazisimami. Huutumia muda huo kuzaana upya. Uchunguzi wa miaka mingi umeonyesha kuwa kila siku inayoongezeka katika muda wa tiba ya mionzi ya saratani hizi hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa takriban asilimia 1. Kwa hivyo chakula ni sehemu ya tiba kama ilivyo mionzi yenyewe.

Wataalamu wa lishe hutumia vipimo vilivyo rahisi kukumbuka. Kupungua kwa zaidi ya asilimia 5 ya uzito katika muda wa miezi 6 ni dalili ya utapiamlo, na zaidi ya asilimia 10 katika muda huo ni utapiamlo mkali. Mtu wa kilo 60 akipoteza zaidi ya kilo 3 amefikia kiwango cha kwanza; akipoteza zaidi ya kilo 6 amefikia cha pili. Mizani moja ile ile, siku moja ya juma, na daftari la kuandikia tarakimu vinatosha kuonyesha hatari kabla ya nguo kuanza kupwaya. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika maradhi haya ufa huonekana kwenye mizani kwanza.

Kuichanganua Kauli "Mgonjwa Hali"

Kimofolojia, kitenzi hali kina sehemu tatu: kikanushi cha nafsi ya tatu umoja, mzizi -l-, na kiishio cha ukanushaji. Kisemantiki ni kifupi kupita kiasi. Hakisemi kama mgonjwa hawezi, hataki, haoni ladha, anaogopa, au hana chakula. Mambo yafuatayo ndiyo yanayojificha ndani yake.

Kwanza, huenda mgonjwa hawezi kumeza. Njia imeziba au misuli imedhoofika. Dalili zake ni kukohoa wakati wa kula, chakula kurudi puani, na sauti yenye majimaji, kama ya mtu anayesema huku maji yako kooni, baada ya kumeza. Dalili hii ya mwisho mwanafonetiki anaweza kuitambua upesi kuliko mtu mwingine. Mgonjwa wa namna hii halazimishwi kula. Hupelekwa kwa tabibu wa usemi na kumeza, ambaye humwonyesha ukaaji unaofaa, uzito wa kinywaji unaofaa, na mazoezi ya kumeza.

Pili, huenda anaweza kumeza lakini anaumia. Huyu anahitaji dawa ya maumivu kabla ya chakula, takriban nusu saa kabla ili iwe imeanza kufanya kazi tonge linapofika. Maumivu makali hutibiwa kwa mofini ya maji, ambayo hutolewa kwa kipimo na daktari. Hofu kwamba mgonjwa atakuwa mraibu huwafanya jamaa wengine wamnyime dawa hiyo, na kwa kumnyima dawa wanamnyima chakula. Kusukutua mara kwa mara kwa maji vuguvugu yenye chumvi kidogo na bikaboneti ya soda husafisha vidonda. Pilipili, ndimu, chai ya moto sana, chapati kavu na viazi vya kukaanga huepukwa. Dawa za kusukutua zenye alkoholi huepukwa vilevile.

Tatu, huenda kinywa kimekauka. Ugali, githeri na mkate mkavu havishuki bila mate. Mgonjwa huhitaji mchuzi mwingi, mafungu madogo, na maji ya kunywa funda moja baada ya kila tonge. Kwa kuwa mate hulinda meno, meno huoza haraka yanapokosekana. Ndiyo maana daktari wa meno humwona mgonjwa kabla ya mionzi kuanza: kung'oa jino katika taya lililokwisha kupigwa mionzi kunaweza kusababisha kidonda cha mfupa kisichopona.

Nne, huenda chakula kimekuwa chapwa. Kiswahili kina neno hili barabara kwa kile kisicho na ladha, nalo humfaa sana mgonjwa wa mionzi. Wengine husema kila kitu ni kichungu au kina ladha ya chuma. Huyu asitegemee hamu, kwa kuwa hamu huenda isije. Humfaa ale kwa saa, kama anavyokunywa dawa: kiasi kidogo kila baada ya saa mbili au tatu. Haba na haba hujaza kibaba. Nyama ikichukiza, mayai, maziwa, samaki na kunde huweza kuchukua nafasi yake.

Tano, huenda ana kichefuchefu. Dawa za kukizuia zipo, na hufaa zaidi zinapomezwa kabla ya kichefuchefu kuanza. Mgonjwa anayetumia cisplatin anapaswa kunywa maji ya kutosha kwani dawa hiyo huweza kudhuru figo. Asipoweza kuyaweka maji tumboni, hiyo ni sababu ya kurudi hospitalini siku hiyo hiyo.

Sita, huenda anaona haya, amekata tamaa, au hana chakula. Mtu anayedondokwa na mate, anayekohoa mezani na anayechukua saa nzima kumaliza bakuli hujitenga na sinia ya pamoja. Mwingine amemaliza akiba yake kwa nauli na kodi. Mambo haya hayaonekani kwenye picha ya eksirei. Hujulikana kwa kuuliza, na kwa kuuliza kwa staha.

Kiasi Gani, na cha Namna Gani?

Miongozo ya ESPEN, chama cha Ulaya cha wataalamu wa lishe ya kitabibu, hupendekeza kilokalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, pamoja na protini inayozidi gramu 1 kwa kilo, na ikiwezekana ifike gramu 1.5. Kwa mtu wa kilo 60 hesabu hiyo ni kilokalori 1,500 hadi 1,800, na protini gramu 60 hadi 90.

Tarakimu hizi huwa na maana zikitiwa ndani ya kikombe cha uji. Uji wa maji mtupu uliopikwa kwa gramu 30 za unga una takriban kilokalori 100 na protini gramu 3 hivi. Mgonjwa akinywa vikombe vitano vya uji wa namna hiyo kwa siku, atakuwa amepata kilokalori 500 tu, japo tumbo litakuwa limejaa na familia itashuhudia kwamba "amekunywa uji mara tano." Uji huo huo ukipikwa kwa kikombe kimoja cha maziwa yasiyoondolewa mafuta badala ya maji, ukatiwa vijiko viwili vikubwa vya siagi ya njugu na kijiko kikubwa cha sukari, hufikia kilokalori 500 hivi na protini gramu 18 hivi. Kikombe kimoja cha namna hii kina nguvu sawa na vitano vya namna ile. Njugu ziwe safi, zisizo na ukungu, na zisagwe zikawa laini kabisa.

Tatizo la uji ni kwamba ukiongezwa unga huwa mzito, na mzito haumezeki. Wazee wa Afrika Mashariki walikuwa na jibu, nalo ni kimea. Nafaka kama wimbi au mtama huloweshwa, huachwa imee, huanikwa na kusagwa. Unga wa kimea una vimeng'enya vinavyovunja wanga. Kiasi kidogo kikikorogwa katika uji mzito ulioanza kupoa kiasi, uji hulegea na kuwa mwepesi bila kuongezwa maji, kisha hurudishwa motoni uchemke tena. Katika miaka ya 1980 watafiti wa lishe nchini Tanzania walichunguza njia hii kwa ajili ya uji wa watoto wachanga, na mantiki yake inamfaa pia mtu mzima mwenye koo lenye vidonda. Uji uliochachushwa ni jambo jingine: ukali wake huweza kuwasha vidonda.

Vyakula vingine laini vyenye nguvu viko sokoni kila siku: parachichi, ndizi mbivu, viazi vitamu vilivyopondwa, mayai yaliyokorogwa, ndengu zilizochujwa, samaki aliyetolewa miiba na kupondwa katika tui la nazi. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kikiongezwa kwenye bakuli la viazi huleta kilokalori 120 hivi bila kuongeza ukubwa wa bakuli. Tahadhari ni moja: mtu aliyekaa siku nyingi bila kula karibu chochote asijaziwe chakula ghafla. Madini ya damu, hasa fosfati, huweza kushuka kwa kiasi cha kuhatarisha moyo. Huyo huanzishiwa lishe hospitalini.

Mrija wa Kulishia

Kuna wakati ambapo kinywa hakiwezi tena kupitisha chakula cha kutosha. Hapo mrija hupitishwa puani hadi tumboni, au huingizwa moja kwa moja tumboni kupitia ngozi ikiwa utahitajika kwa muda mrefu. Jamaa wengi huuona mrija kuwa tangazo la kifo. Ukweli ni kinyume: aghalabu huwekwa ili mgonjwa aimalize tiba akiwa na nguvu, kisha hutolewa.

Hata hivyo, mwenye mrija asiache kumeza kabisa ikiwa tabibu amemruhusu. Misuli ya koromeo isipotumika husahau kazi yake. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2013 kuhusu wagonjwa 497 wa saratani ya koromeo waliotibiwa Houston, Marekani, ulionyesha kuwa walioendelea kula kwa kinywa na kufanya mazoezi ya kumeza walikuwa na matokeo bora ya ulaji baadaye kuliko walioacha yote mawili. Miongoni mwa mazoezi yanayofundishwa limo moja ambalo mwanafonetiki atalifurahia: kuitamka irabu [i] huku kidatu kikipandishwa polepole hadi juu kabisa, ili zoloto lipande kama linavyopanda wakati wa kumeza.

Imani Zinazomnyima Mgonjwa Chakula

Imani iliyoenea ni kwamba sukari huilisha saratani, na hivyo mgonjwa akinyimwa vyakula vya wanga saratani itakufa njaa. Ni kweli kwamba seli za saratani hutumia glukosi kwa wingi. Lakini mwili hauachi damu ikose glukosi. Ukikosa ya chakula huitengeneza kutoka katika protini ya misuli. Mgonjwa anayenyimwa wanga wakati wa mionzi huilipia saratani kwa nyama yake mwenyewe. Mwenye kisukari hufuata ushauri wa daktari wake.

Imani nyingine ni kwamba mitishamba haina madhara kwa kuwa ni ya asili. Baadhi huwasha vidonda, na baadhi hugongana na dawa katika ini au figo. Anayeitumia hana budi kumwambia daktari, na daktari hana budi kumsikiliza bila kumkejeli, la sivyo atafichwa.

Kwa Waislamu, Ramadhani inaweza kuangukia katikati ya tiba. Mgonjwa ameruhusiwa kufungua na kulipa siku nyingine, na asiyetarajia kupona ana fidia yake. Wapo wanaoona haya kuitumia ruhusa hiyo. Neno la sheikh au imamu anayeheshimika huweza kuokoa kilo ambazo ushauri wa hospitali haungeziokoa.

Nafasi ya Lugha

Mwaka wa 2005 Paula Ravasco na wenzake jijini Lisbon, Ureno, walichapisha utafiti unaostahili kujulikana na watu wa lugha. Wagonjwa 75 wa saratani ya kichwa na shingo waliokuwa wakipewa mionzi waligawanywa katika makundi matatu ya watu 25. Kundi la kwanza lilipata ushauri wa mtu mmoja mmoja kuhusu vyakula vya kawaida. Kundi la pili liliongezewa vinywaji vya protini nyingi juu ya chakula chake. Kundi la tatu lilikula lilivyopenda. Wakati wa tiba makundi mawili ya kwanza yaliongeza ulaji na la tatu likapungukiwa. Miezi mitatu baada ya tiba, kundi lililopewa ushauri ndilo pekee lililokuwa limedumisha ulaji wake. Vinywaji vilifanya kazi vilipokuwapo. Ushauri ulibaki kichwani mwa mgonjwa hata jikoni kwake.

Ushauri hutolewa kwa lugha. Agizo kama "zingatia lishe bora yenye virutubishi" ni Kiswahili sanifu, lakini halimwambii mama anayepika amtilie nini mgonjwa saa nne asubuhi. "Tia vijiko viwili vya siagi ya njugu katika uji wake, na umpe dawa nusu saa kabla" linamwambia. Vivyo hivyo, mhudumu anayeuliza "Unakula?" atajibiwa "Nakula kidogo," na mazungumzo yatakwisha. Anayeuliza "Jana tangu asubuhi ulikula nini, na kilikwama wapi?" ataijua sababu ni ipi kati ya zile sita. Kwa mgonjwa ambaye zoloto limeondolewa au ulimi umekatwa, kadi zenye maneno machache kama inauma, haishuki, ni chapwa, na natapika zingempa uwezo wa kujieleza kwa kidole.

Vyeti vya maagizo, mabango ya wodini na maelezo ya jikoni vinahitaji watu wanaoujua uzito wa maneno. Kazi hiyo inafaa kufanywa bega kwa bega na wataalamu wa lishe, ili usahihi wa kitabibu usipotee, na kwa kujaribiwa mbele ya wagonjwa wenyewe kabla ya kuchapishwa.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba kupungua kwa uzito katika matibabu ya saratani ya kichwa na shingo kunajulikana sababu zake, majira yake na hatari yake, na kwa hiyo kunaweza kutazamiwa na kupunguzwa. Si kila kilo inayoweza kuokolewa, kwani saratani yenyewe hubomoa mwili. Lakini kilo nyingi hupotea kwa sababu maumivu hayakutibiwa, uji ulikuwa maji, mrija uliogopwa, au hakuna aliyeuliza swali la pili. Mgonjwa akisemwa kuwa hali, anayesikia aulize: hawezi, anaumia, kinywa kimekauka, chakula ni chapwa, kinamchefua, au hana? Jibu la swali hilo ndilo mwanzo wa lishe yake, na kwa mgonjwa aliye katika juma la nne la mionzi linahitajika leo.